Ukimpenda Kipepeo, Mpende na Kiwavi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa idhini yako mpenzi msomaji, mimi ningependa kuongeza: ukimpenda kipepeo, mpende na kiwavi. Najua kuna watakaokunja nyuso. Kipepeo sote twamsifu, twamchora madaftarini na kumtungia mashairi. Lakini kiwavi je? Akionekana tu, kiatu kiko juu yake, twa! Ilhali huyo ni yule yule, ila hajavaa nguo zake za sikukuu.

Nyumbani kwetu, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke, tuna mipasheni minane. Ni ile ya matunda ya manjano, inayostahimili joto la pwani kuliko ile ya matunda ya zambarau inayokuzwa bara. Mama huuza matunda hayo sokoni, na pesa anazopata ndizo zinazoninunulia madaftari na sare na kunilipia chakula cha mchana shuleni. Kwa hivyo majani ya mpasheni kwetu si mapambo. Majani ni matunda, na matunda ni karo.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, niliona vipepeo wa rangi ya machungwa wakiruka polepole juu ya mimea hiyo. Ajabu ni kwamba hawakuyajali maua. Walitua juu ya jani, wakaligusagusa kwa miguu, wakaondoka, wakajaribu jingine. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, alinieleza kwamba kipepeo jike huonja kwa miguu. Anatafuta jani ambalo watoto wake wataweza kulila, maana viwavi wengi hawali kila kitu. Kiwavi wa mpasheni ukimwekea sukuma wiki, atakufa njaa huku chakula kimejaa mbele yake.

Vipepeo hao ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita Acraea. Sasa fikiri nami. Mpasheni si mmea wa kwetu, asili yake ni Amerika Kusini. Vipi basi kipepeo wa Afrika akaujua? Jibu liko msituni. Humo mna mimea inayotambaa ambayo ni ya ukoo mmoja na mpasheni, na viwavi wa Acraea wameila tangu zamani. Mgeni alipoletwa na binadamu, kipepeo alimwonja, akatambua kuwa huyu naye ni ndugu. Huko Amerika kwenyewe wako vipepeo wengine, Heliconius, wanaotegemea mipasheni vilevile. Mimea mingine ya huko huotesha vinundu vya manjano mfano wa mayai, ili kipepeo adhani nafasi imekwisha kuchukuliwa, aende zake. Mmea usio na macho humdanganya mwenye macho!

Mipasheni yetu haikuwa na ujanja huo. Mayai yalitagwa, na baada ya siku chache majani yakajaa matundu. Chini yake walikuwa viwavi wenye miiba, wanatafuna bila kupumzika. Mama alipowaona alishika kiuno.

"Kumbe hawa ndio unaowatazama kila jioni? Kesho nanunua dawa."

"Mama, nakuomba usinyunyize."

"Mwanangu, utampelekea mwalimu mkuu vipepeo badala ya karo?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, kwani mama alikuwa na haki. Ni rahisi kuwatetea wadudu ikiwa si wewe unayebeba kikapu kwenda sokoni. Lakini nilikumbuka Mradi wa Kipepeo ulioko hapa Gede, ulioanzishwa mwaka wa 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hupanda mimea inayoliwa na viwavi, wakawafuga humo, kisha mapupa husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Hapo awali majirani wengi wa msitu waliuona kama ardhi iliyokaa bure, afadhali ikatwe ilimwe. Aliyeanza kupata riziki kwa kipepeo alikuwa na sababu ya kuutaka msitu usimame, kwa kuwa ndiko mbegu ya vipepeo inakotoka.

Sikumwambia mama kwamba wa kwetu watauzwa. Nilimwomba kitu kimoja tu: mipasheni miwili iliyo nyuma ya choo, ambayo kwa sababu ya kivuli huzaa kidogo. Alifikiri kwa muda, kisha akakata shauri.

"Haya. Miwili yako, sita yangu. Nikimwona mdudu kwenye sita, nanyunyiza yote minane."

Basi kazi ikaanza. Kila alfajiri kabla ya kuja shule, nilipita na kopo nikigeuza jani baada ya jani, nikawatoa viwavi kwenye ile sita na kuwahamishia kwenye miwili yangu. Kuna siku niliingia darasani na umande hadi magotini, wenzangu wakacheka wakiniita Mchungaji wa Viwavi. Sikujali. Wiki ya pili nilikuta kopo limeshajaa. Mama alikuwa ameamka kabla yangu. "Chukua watu wako," akaniambia, bila kunitazama.

Ile miwili ililiwa ikabaki kamba tupu. Kisha viwavi wakaacha kula, wakapanda ukutani na kwenye vijiti, wakajining'iniza kichwa chini. Hali hiyo huitwa pupa, ingawa mwenyewe hana pupa hata kidogo: ananing'inia tuli kama aliyekufa. Nilihesabu 31. Kati yao walitoka vipepeo 22. Wengine walikauka wakawa weusi, na wengine wakatoka inzi wadogo waliokuwa wakiwala kwa ndani. Niliwahurumia, lakini inzi naye ana watoto wa kulisha.

Kipepeo anapotoka, mabawa yake yamekunjamana kama leso iliyokamuliwa. Ananing'inia, yanajinyoosha taratibu, yanakauka, ndipo anaruka. Anaruka bila haraka kwa sababu ana sumu mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja hatamani kurudia.

Je, hasara ilikuwa kiasi gani? Mipasheni sita ilizaa kama kawaida, na mama hakutumia hata senti kununua dawa. Ile miwili, mvua za vuli zilipokuja, ilichipua upya. Nakiri kwamba vipepeo wangu hawajaniletea hata shilingi moja, na mama hadi leo huwaita "wadudu wako." Lakini majuzi, alipokuwa akichimba mashimo ya mipasheni mipya, aliniuliza, "Yako itakuwa ipi?" Swali hilo kwangu lilikuwa zaidi ya zawadi.

Wanachama wenzangu, nimeona watu wakipanda maua ili wapate vipepeo, halafu wanashangaa mbona ni wachache. Maua ni hoteli tu: kipepeo hupita, akanywa, akaenda. Jani ndilo hospitali ya kujifungulia na ndilo shule ya chekechea. Asiyekubali majani yake yaliwe, asilalamike bustani ikinyamaza. Na anayefyeka kila mmea unaotambaa msituni akidhani ni magugu, ajue kwamba huenda amefunga shule nzima ya viumbe wasio na pa kwenda.

Ombi langu ni dogo. Ua wa shule yetu una waya mtupu upande wa kiwanja. Nina miche miwili ya mpasheni kwenye makopo nyumbani, iko tayari. Tuipande huko, tule matunda tutakayojaaliwa, na majani yakianza kutoboka, tafadhali, mtu asikimbilie kiatu.