Oscar, mapanki na pengwini

Jamani, mimi na sinema tumeshibana tangu enzi za mikanda ya kukodi, na kila tuzo za Oscar zinapokaribia simu yangu haipumziki. Fulani anastahili, fulani kaonewa, fulani kapewa kwa huruma tu. Kwenye ubishi huo mimi ni wa mstari wa mbele, sikatai. Ila nina kipimo changu ambacho wengi wanakiona cha ajabu. Ukitaka kujua sisi wa Afrika Mashariki tuko wapi kwenye sinema za dunia, achana kwanza na jina la mshindi. Soma orodha ya walioteuliwa, halafu uliza: kamera ilishikwa na nani?

Tuanze na mwaka 1986. Out of Africa, kisa cha mama wa Kidenishi, Karen Blixen, na shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong, ilizoa tuzo 7, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora kwa Sydney Pollack. Picha zake ni nzuri mno, unatamani kesho yake upande basi la Nairobi. Sasa watafute Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ile. Wamo, ila wanapita nyuma ya Meryl Streep na Robert Redford. Kwenye vibanda umiza tulizoea kusema steringi hafi. Humu mwenye ardhi hata usteringi hakupewa.

Usiku uleule kulikuwa na The Color Purple ya Steven Spielberg, Whoopi Goldberg akiwa ndiye steringi. Iliteuliwa kwenye vipengele 11, sawasawa na Out of Africa. Ikarudi nyumbani mikono mitupu! Sifuri! Kwa heshima zote kwa Geraldine Page aliyechukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike, mimi ningempa Whoopi bila kufikiria mara mbili. Filamu zote mbili zinahusu mwanamke aliyepata shida na akasimama. Mmoja alipoteza shamba alilolikuta Afrika, mwingine ni mweusi wa Marekani aliyenyang'anywa hata watoto wake. Wapiga kura walimwelewa zaidi yule wa kwanza.

Sasa ruka hadi Machi 5, 2006. Huu kwangu ndio usiku wa Oscar muhimu kuliko yote, na wala sizungumzii Crash kuipiga Brokeback Mountain, ingawa na hilo nina maneno yangu. Nasema hivyo kwa sababu usiku ule kanda yetu ilikuwa ukumbini mara mbili.

Kwanza Kenya. The Constant Gardener ilimpa Rachel Weisz tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike. Ile ni hadithi ya kampuni ya dawa inayowafanyia Wakenya majaribio, na ilipigwa Kibera kwenyewe na huko juu kwenye Ziwa Turkana. Mwongozaji wake, Fernando Meirelles, ni Mbrazili, yuleyule wa City of God, na unaiona tofauti. Kibera yake ina watoto wanaocheza na watu wenye shughuli zao, si matope tu. Lakini hadithi bado ni ya mume na mke Waingereza. Wakenya ndio wanaomeza vidonge.

Pili ni sisi Wabongo. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliteuliwa kwenye kipengele cha filamu ndefu ya makala. Hapa kwetu wengi tuliijua kwa jina moja tu: filamu ya mapanki. Kwa asiyefahamu, mapanki ni yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayobaki baada ya viwanda vya Mwanza kutoa minofu na kuisafirisha Ulaya. Sauper alionyesha madege ya mizigo ya Ilyushin yakitua Mwanza, minofu ikipanda, na mapanki yakienda kukaushwa na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji. Humohumo kuna sangara mwenyewe, samaki wa kupandikizwa aliyewamaliza furu wa Ziwa Victoria.

Tukashindwa. Tuzo ikaenda kwa March of the Penguins, filamu ya Wafaransa kuhusu pengwini wa Antaktika. Yaani Mwanza nzima ikapigwa chini na ndege asiyeweza kuruka. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Pengwini anapendwa na kila mtu kwa sababu hamdai mtu chochote. Mapanki yanamuuliza mla minofu wa Paris swali ambalo hataki kuulizwa akiwa mezani. (Kwa haki, Wafaransa haohao waliipa filamu ya Sauper tuzo yao ya César mwaka huohuo, kama filamu ya kwanza bora.)

Nyumbani ndiko mambo yalikochachamaa. Mwaka huohuo 2006 Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, aliishutumu filamu hiyo hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Maoni yangu kama mwandishi? Hoja ya serikali kuhusu silaha ilikuwa na uzito. Filamu inadokeza kwamba madege yale yalileta silaha Afrika, lakini hakuna mahali utakapoona bunduki ikishushwa uwanjani Mwanza. Dokezo kubwa namna hiyo linahitaji ushahidi mkubwa. Lakini mapanki yenyewe yalikuwepo, na aliyeyala anajua. Kilichoniuma ni kwamba Watanzania wengi waliipinga filamu, na wengine kuitetea, bila kuiona. Tulibishana kuhusu picha yetu wenyewe tukiwa tumefumba macho.

Na usiku uleule wa Machi 5, tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni ilikwenda Afrika Kusini kwa Tsotsi, ya mwongozaji wa hukohuko, Gavin Hood, ikizungumza lugha za vitongoji vya Johannesburg. Mnaona hesabu yangu? Kenya ilikuwa mandhari, Tanzania ilikuwa mada, Afrika Kusini ilikuwa mwenye kamera. Aliyepanda jukwaani kwa jina la nchi yake ni huyo wa tatu.

Mwaka mmoja baadaye, 2007, Forest Whitaker akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kuwa Idi Amin kwenye The Last King of Scotland. Hii siipingi hata kidogo. Alishindana na Leonardo DiCaprio, Will Smith, Ryan Gosling na mzee Peter O'Toole, na bado alistahili. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile na filamu ikapigwa Uganda. Anakuchekesha, na kabla hujamaliza kucheka umeshaogopa. Ila hata pale, macho tunayoazimwa kumtazamia Amin ni ya daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwepo, katungwa tu. Waganda waliouawa utawala ule hawakukosa hadithi za kusimuliwa.

Halafu ukaja mwaka 2014. Lupita Nyong'o! Mnakumbuka siku ile? Mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa 12 Years a Slave, filamu yake ndefu ya kwanza kuigiza, akiwaacha nyuma akina Julia Roberts na Jennifer Lawrence. Nairobi ilishangilia, na Dar tukajipa uhalali wa kushangilia pia kwa kuwa jirani ni ndugu. Kitu kizuri zaidi ni hiki: Constant Gardener ilipopigwa Kenya, binti huyu alikuwa mmoja wa vijana wa kazi kwenye timu ya filamu. Kutoka kutumwatumwa kwenye filamu iliyompa Mwingereza Oscar, hadi kubeba Oscar yake mwenyewe. Safari hiyo ingetosha kuwa filamu.

Lakini naye alipewa kwa hadithi ya Marekani. Mwaka 2016 alirudi Kampala na Queen of Katwe, hadithi ya binti wa Kiganda anayecheza sataranji, pamoja na Madina Nalwanga, mtoto wa Kampala aliyeigiza kama mtu aliyezaliwa mbele ya kamera. Mateso hayamo ya kutosha, mzungu wa kuokoa hayumo, mtoto anashinda kwa akili zake. Uteuzi wa Oscar? Hakuna hata mmoja. Hapo mimi nilinuna wiki nzima.

Mwaka 2018 Kiswahili chenyewe kikafika. Watu Wote, filamu fupi kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa kule Mandera mwezi Desemba 2015, iliteuliwa na ikashindwa na The Silent Child ya Uingereza. Maongezi ni Kiswahili na Kisomali, waigizaji ni wetu. Mwongozaji, Katja Benrath, ni Mjerumani. Kazi nzuri sana, na nampongeza kwa moyo mmoja. Bado najiuliza kwa nini kisa kile, kilichokuwa kwenye magazeti yetu yote, hakikuchukuliwa na mmoja wetu kwanza.

Jibu moja liko hapahapa nyumbani. Ili filamu ishindanie tuzo ya kimataifa, kila nchi inateua moja tu, na kwa kanuni za wakati ule ilipaswa iwe imeonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya nchi hiyo kwa siku 7 mfululizo. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokwisha kuonyeshwa Cannes, ilikuwa imepigwa marufuku Kenya kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Ikabidi mwongozaji aende mahakamani ili apewe siku zake 7, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi. Mwishowe kamati iliteua Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu tamu ambayo ilinitoa machozi, kwa hiyo sina ugomvi na uteuzi. Ugomvi wangu ni kwamba mtunzi wa kwetu aombe ruhusa ya hakimu ili jirani zake wamtazame.

Na sisi Bongo? Tulipeleka Maangamizi mwaka 2001. Baada ya hapo kimya. Miaka 21! Mwaka 2022 tukapeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anayeikimbia ndoa na Denge anayeutafuta uhuru. Nchi zaidi ya 90 zilipeleka filamu, walioteuliwa ni 5, na sisi hatukuwemo. Ujerumani ikashinda kwa All Quiet on the Western Front. Kwangu hiyo haikuwa aibu hata chembe. Aibu ni nilipowauliza rafiki zangu, watu wenye digrii na intaneti ya haraka, wangapi wameiona Vuta N'Kuvute. Mmoja alinijibu, "Kaka, ile si tuliisoma shuleni?" Mtu huyohuyo anaweza kukutajia washindi wote wa filamu bora tangu Titanic.

Mwaka 2024 Uganda ikaingia kwenye watano wa filamu ya makala kwa Bobi Wine: The People's President, mmoja wa waongozaji akiwa Mganda, Moses Bwayo. Ikashindwa na 20 Days in Mariupol ya Ukraine. Sikununa safari hii. Mganda alikuwa ameshika kamera akiitazama nchi yake, na wapiga kura wa Hollywood walilazimika kuyatumia macho yake.

Kwa hiyo wadau, tuzo zijazo zikitangazwa endeleeni kubishana kuhusu nguo na hotuba, ni haki yenu, nami nitakuwemo. Ila kabla ya hapo tafuteni Vuta N'Kuvute mwitazame hadi mwisho, kisha mniambie kama tulionewa au la. Ubishi huo ndio nautamani zaidi.

Nawakilisha.