Sukari Guru Katika Karai za Malava

Katika barabara itokayo Kakamega kuelekea Webuye, harufu ya miwa inayochemka humfikia mgeni kabla hajauona moshi. Sisi wa Pwani tumezoea kuikuta sukari guru dukani ikiwa imekwisha kuganda. Tulitamani kuona itokako, basi tukasimama karibu na Malava, penye kinu chini ya paa la mabati.

Miwa hukamuliwa, na maji yake humiminwa katika karai pana juu ya tanuri. Kuni ni makapi ya miwa hiyohiyo, yaliyoanikwa juani. Mpishi hutia chokaa kidogo, uchafu hupanda pamoja na povu, naye huuengua kwa upawa mrefu. Maji yakishakuwa mazito na ya kahawia, humiminwa katika viunzi yakaganda. Hapana mashine ya kuitenga molasi, kama ilivyo katika viwanda vya sukari nyeupe. Kwa hiyo hubaki madini ya chuma, potasiamu na magnesi, pamoja na polifenoli, viini vya mmea vinavyosaidia kuzikinga chembe za mwili zisiharibike.

Sifa hizo ni za kweli. Lakini zimewafanya baadhi ya mama zetu wenye kisukari waitie chaini bila hesabu, wakiamini kuwa hii haidhuru. Sehemu yake kubwa ni sukari ileile, nayo hupandisha sukari ya damu vilevile. Mjamzito aliyepungukiwa na damu naye apige hesabu. Kiasi cha chuma hutofautiana baina ya karai na karai. Tukikadiria miligramu 11 katika gramu 100, kijiko cha gramu 5 kina takriban nusu miligramu, naye anahitaji kama 27 kwa siku. Vidonge alivyopewa kliniki asiviache. Na anayezitafuta polifenoli, karafuu zilizomo kabatini mwake zinazo kwa wingi zaidi.

Sisi twaipenda kwa ladha yake, yenye moshi kwa mbali, ambayo kashata ya sukari nyeupe haiipati. Wakati wa kununua, tazameni rangi: ya manjano inayong'aa mno huenda imetiwa dawa ya kung'arisha. Chagueni ya kahawia, kavu, na muimege kidogo kuhakikisha haina mchanga.