Maua ya Vilima vya Shaba

Mtu akitaja Musonoi, wengi huona akilini mwao mambo matatu: shimo, vumbi na malori. Wala hawakosei. Mtaa huu ulio karibu na mji wa Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, ulijengwa zamani za kampuni ya Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wa machimbo, na jina lake ndilo jina la mto wa hapo. Tangu siku zile jamaa za hapa zimeishi kwa shaba na kobalti, baba na mwana. Kwa hiyo nilipojinunulia kamera ndogo iliyokwisha kutumiwa na mwingine, nikaanza kutembea nayo siku za likizo, majirani walinionea huruma. "Mwalimu," waliniuliza, "wanyama wako Upemba. Hapa utapiga picha ya kitu gani?"

Swali lao ni la haki, nalo lastahili jibu. Nchi hii ya machimbo ina viumbe visivyoonekana penginepo duniani, na vingi katika hivyo vimeota juu ya mali ile ile inayotafutwa na mashine. Kwa sababu hiyo apigaye picha hapa ana kazi iliyo kubwa kuliko kujifurahisha.

Mwezi wa Septemba

Mwenye kamera asiyejua pa kuanzia, na aanze na miti. Nje ya mji, mahali ambapo makaa hayajakatwa, miombo ingaliko. Mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimeungua na mvua ikiwa bado, miti hiyo hutoa majani mapya. Lakini majani hayo hayaanzi na rangi ya kijani. Huanza mekundu, mengine ya hudhurungi, mengine kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Baada ya majuma machache yote yamekwisha kuwa kijani, na asiyeyaona wakati wake atangoja mwaka mzima.

Hapo nalijifunza kanuni ya kwanza ya kazi hii: saa ni bora kuliko chombo. Jua la adhuhuri hufuta kila kitu. Kivuli huwa cheusi na jani huwa jeupe. Bali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga hupita ndani ya jani kama upitavyo katika kioo cha dirisha la kanisa. Kamera ya bei ndogo saa hiyo hushinda kamera ya tajiri aliyeamka saa nne.

Kilima kisicho na miti

Ukitembea katika miombo hiyo, mara nyingine utatokea ghafula mahali palipo wazi: kilima chenye mawe na nyasi fupi, bila mti. Mgeni hudhani watu wamefyeka. Sivyo. Shaba ikizidi katika udongo, ni sumu kwa mizizi ya miti mingi, nayo miti husimama pembeni kama watu waliokatazwa kuingia. Vilima vya namna hii vyapita mia moja katika upinde wa nchi utokao Kolwezi mpaka Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi.

Lakini kilichoifukuza miti kimewakaribisha wengine. Wataalamu wa mimea wamehesabu juu ya vilima hivyo aina zaidi ya 600 za mimea, na zipatazo 30 hazijulikani mahali pengine popote. Kuna Crotalaria cobalticola, jamaa ya kunde, yenye ua la manjano, ipendayo udongo wenye kobalti. Kuna Haumaniastrum katangense, mmea mdogo uliojulikana sana na watafuta madini wa zamani, hata ukaitwa ua la shaba. Walikuwa wakiuona wanachimba.

Ua hilo lina habari nyingine ya ajabu. Hupenda udongo wa shaba hata pale ulipovurugwa na binadamu. Mababu zetu waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, wakaimimina katika umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Misalaba hiyo imefukuliwa pia katika makaburi ya kale ya Upemba. Tanuru zimebomoka na wenyewe wamesahauliwa. Lakini takataka zao ziliutia udongo shaba, na ua likaota hapo. Wachunguzi wa mambo ya kale wakalifuata ua, wakazipata tanuru. Basi ua hili limeandika historia yetu mahali ambapo hapakuwa na mwandishi.

Jinsi ya kupiga magoti

Kumpiga picha tembo kwataka lenzi ndefu na moyo mkuu. Kulipiga picha ua la urefu wa kiganja kwataka magoti. Mpiga picha wa maua hulala kifudifudi juu ya mawe, hungoja upepo utulie, hushika pumzi. Nachukua mwavuli mweusi wa mvua kulikinga ua na jua kali, na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga chini ya majani. Kamera naifunga katika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, maana vumbi la njia zetu ni jembamba kama unga, nalo huingia kila tundu.

Yapasa pia kujua adabu ya nchi. Katika nchi yetu kamera hutiliwa mashaka, na aielekezaye kwenye daraja, kambi ya askari au machimbo aweza kujiingiza taabuni. Mimi huanza kwa mkubwa wa mahali: najitambulisha, naeleza nitakwenda wapi, natoka kwa njia ile ile niliyoingilia. Siku moja mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alinisimamisha kando ya kilima.

"Mwalimu, wapiga picha ya nini hapa? Ya mashine?"

"Hapana, baba. Ya ua hili."

Nikamwonyesha katika kioo cha kamera. Akalitazama kwa muda mrefu, akainama kulitazama lile lenyewe karibu na kiatu chake, kisha akasogeza mguu wake taratibu.

"Miaka yote hii nalikanyaga," akasema. "Sikujua lina uso."

Tangu siku ile sijapata neno bora la kueleza kazi ya kamera. Macho yetu hupita juu ya vitu. Picha humsimamisha mtu, humwonyesha uso.

Ziwa la Nzilo

Asiyependa maua na aende majini. Upande wa kaskazini wa Kolwezi, mto Lualaba umezuiwa kwa boma lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kupata umeme wa machimbo, na nyuma ya boma pametanda ziwa la Nzilo. Ziwa hili ni kazi ya mikono ya watu, lakini ndege hawakuuliza. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu uliozama, kichwa cheupe, akilia hata ng'ambo ikaitika. Mdiria mweusi-mweupe husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga upesi, kichwa kimetulia kabisa, kisha huanguka kama jiwe. Kumpata katika picha ni kazi ya saba mara sabini. Wavuvi walinifundisha siri yake: usimfuate, bali kaa karibu na kigogo apendacho, naye atarudi. Nalikaa saa tatu. Alirudi.

Lualaba hauishii hapo. Hupita katika magenge, ukateremka mpaka mabwawa ya Upemba, ilipo hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1939. Mimi sijafika huko. Safari ni ngumu, na walinzi kadhaa wa hifadhi hiyo wameuawa kazini. Lakini huko kuna jambo limhusulo kila mwenye kamera. Katika mabwawa hayo huishi swala wa kinamasi, lechwe wa Upemba. Mwaka 2005 mtaalamu Cotterill alimtambulisha kwa jina la Kobus anselli, akitumia mifupa na ngozi zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Picha ya mnyama huyu akiwa hai porini haikujulikana mpaka mwaka 2025, ilipotangazwa ya kwanza, baada ya hesabu ya wanyama iliyofanywa kwa ndege. Wahesabuji waliona kumi tu, wakakadiria kwamba wote pamoja hawafiki mia. Hivyo picha yake ya kwanza imetufikia pamoja na habari ya kwamba yu karibu kutoweka.

Picha si kitu chenyewe

Nasi watu wa Kolwezi tunayo habari ya namna hiyo, tena iliyo chungu zaidi. Karibu na Musonoi pana mahali paitwapo Dikuluwe, machimbo yajulikanayo sana. Mmea mmoja mdogo wa vilima vya shaba uliitwa na wataalamu kwa jina la mahali hapo, Acalypha dikuluwensis. Ulionekana mara ya mwisho mwaka 1959. Mwaka 2012 uliandikwa katika orodha ya viumbe vilivyotoweka duniani, na sababu iliyotajwa ni uchimbaji wa madini juu ya ardhi. Ulikuwa umeota juu ya shaba, na shaba ilipoondolewa, kilima kiliondoka pamoja na wakazi wake.

Sisemi machimbo yafungwe. Wanafunzi wangu hula, huvaa na kulipa karo kwa kazi ya baba zao machimboni, na shaba yetu hupeleka umeme katika nyumba za mbali. Lakini kuna tofauti kati ya mtu auzaye shamba lake akijua limeota nini, na yule auzaye gizani. Kule Fungurume, kwa mfano, wachimbaji na wataalamu wamejaribu kukusanya mbegu na kuhamisha udongo wa vilima pamoja na mimea yake kabla ya kuchimba. Jaribio hilo haliwezekani ila mtu awe amekwisha kwenda kilimani, ameinama, ameandika kilichomo.

Hapo ndipo kijana mwenye simu yenye kamera aweza kusaidia. Yafaa afanye mambo manne. Asing'oe ua, hata likiwa zuri namna gani. Alipige picha mbili: moja ya ua, moja ya kilima kizima kilichokaa nyuma yake. Aandike tarehe, jina la kilima kama wazee wakiitavyo, na jina la mmea katika lugha ya nyumbani. Kisha arudi mwaka ufuatao mwezi ule ule, atazame kama lingaliko.

Picha isiyo na tarehe wala mahali ni pambo la ukuta. Picha yenye hayo mawili ni shahidi. Vilima vya shaba vilivyosalia haviwezi kujitetea wala kutoroka, na majirani zao wa karibu ni sisi. Mvua zikija, maua yatafunguka tena juu ya mawe, kila mmea kwa majira yake. Heri kila kimoja katika vilima hivyo kiwe na shahidi wake kabla ya mashine kufika.