Bolti Ikigoma

Niliingia gereji Mombasa nikiwa kijana aliyemaliza shule bila karo ya kuendelea. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuosha spea kwa mafuta ya taa, kushika tochi na kutumwa dukani kununua nati. Gereji ilikuwa upande wa Changamwe: uwanja wa vumbi, mwarobaini mmoja wa kivuli na shimo la zege la kutazamia gari kwa chini. Fundi mkuu alikuwa mzee wa maneno machache aliyekulia kwenye malori ya bandarini. Wenzangu walikuwa wakipigania kukaa karibu naye siku za kufungua injini. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo na mwembamba, nilipelekwa shimoni, na humo ndimo nilimojifunzia kazi iliyonilisha maisha yangu yote: kufungua bolti za chini ya gari, hasa zilizogoma.

Asiyekuwa fundi hudhani bolti zote ni ndugu. Bolti ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, ina shida yake peke yake. Mkono huo umefungwa kwenye bodi kupitia bushi, na bushi ni raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, kubwa nje na dogo ndani. Bolti hupita ndani ya bomba dogo, na ikikazwa hulibana bomba hilo lisicheze hata kidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, kinachojipinda ni raba. Basi bolti ile hukaa miaka mahali pamoja, haizunguki, haionji grisi. Maji yakishapenya katika upenyo mwembamba ulio kati yake na bomba, hayana pa kutokea. Kutu huzaliwa humo, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huvimba na kubana mpaka bolti na bomba vinashikana kabisa.

Mombasa chumvi iko hewani. Magari ya Likoni huongeza yao, maana maji yakijaa magurudumu hukanyaga bahari yakishuka kwenye feri. Halafu kuna mitumba ya Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, lakini miaka 8 inatosha kabisa kuharibu. Gari lililotumika kwenye mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi barafu iyeyuke, hushuka bandarini linang'aa juu na huku chini limeshaanza kuliwa.

Dalili ya kwanza niliyofundishwa ni ile inayowadanganya wengi. Nati inafunguka vizuri, mwanagenzi anafurahi. Anashika kichwa cha bolti kwa spana, anazungusha, inakwenda. Akilegeza mkono, spana inarudi ilikotoka. Hapo hakuna kilichofunguka. Bolti imezunguka pamoja na bomba la ndani, na raba ndiyo inayoivuta irudi.

Siku mwalimu wangu aliponionyesha hilo, chini ya teksi ya Corolla, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza nitatumia spana gani. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa kuna kitu kitakufa. Utaua kipi?"

Akanihesabia. Inaweza kufa bolti, na bolti ni bei ndogo. Inaweza kufa bushi, na bushi tunabadilisha hata hivyo. Unaweza kufa mkono mzima, hapo mwenye teksi atanung'unika. Na ukikosa akili inaweza kufa nati iliyochomelewa ndani ya bodi. Hiyo ikibanduka, inazunguka ndani ya boksi la chuma usipofika mkono wala spana, na huna njia isipokuwa kukata bodi ya gari la watu. "Usiache bolti ikuchagulie," alisema. "Chagua wewe, mapema."

Ndiyo maana alilichukia bomba refu la kuongezea urefu wa spana. Vijana hulipenda kwa sababu linawapa nguvu, lakini nguvu hiyo haichagui. Inakwenda palipo dhaifu, na mara nyingi palipo dhaifu si pale unapopataka.

Utaratibu wake ulikuwa wa polepole, na nimeufuata tangu hapo. Kwanza unasugua kwa brashi ya waya mpaka meno ya bolti yaonekane. Unatia mafuta ya kupenya, au ukiyakosa, mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni, unaacha gari lilale. Asubuhi, kabla ya kufungua, unakaza kidogo: kutu ikivunjika upande mmoja, upande wa pili hulegea. Nati ikishafunguka huiondoi. Unairudisha mpaka ilingane na ncha ya bolti, ndipo unapiga nyundo, ili meno yasipondeke. Mapigo mafupi na mazito hufanya kazi kuliko kusukuma kwa muda mrefu, kwa sababu mshtuko ndio unaopasua kutu. Na ukiona mafuta hayasaidii, usishangae. Yanaingia kwa ncha mbili tu, na kutu iko katikati.

Kuna gesi pia. Chuma kikipashwa moto hutanuka, kikipoa husinyaa, na kutu hupasuka katika kwenda na kurudi huko. Lakini raba ya bushi huwaka na kutoa moshi mweusi usiofaa kuvutwa, na katika magari mengi tangi la petroli liko karibu sana na bolti za nyuma. Mzee alikuwa na mitungi ya gesi kwenye gereji yake, na sikumwona hata mara moja akiiburura karibu na tangi.

Nilipofungua gereji yangu mwenyewe upande wa Kisauni, Subaru zilikuwa zimeshika mji. Colin McRae alikuwa ameshinda Safari Rally ya 1997 kwa Subaru Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000 kwa gari hilo hilo, na kila kijana aliyepata kazi alitaka lake. Nyuma ya Impreza za zama zile kuna mikono miwili kila upande, na bolti moja ndefu inapita kwenye mikono yote miwili na nyumba ya gurudumu iliyo katikati yake. Ni bolti ndefu, iko karibu na ardhi, inarushiwa maji na gurudumu lenyewe. Ikigoma, imegoma.

Kijana mmoja aliniletea Impreza yenye bolti hizo. Nati zilitoka, bolti zilikataa. Akaniambia, "Fundi, bolti mbili tu, mbona bei kubwa hivi?" Nikamshusha chini, nikampa spana azungushe mwenyewe. Ilikwenda, ikarudi. Nikamwonyesha tangi, nikamwambia gesi haitawashwa hapa. Tutapitisha msumeno wa chuma kati ya mkono na nyumba ya gurudumu, tukate, kila kipande kitoke na chake. Bolti na bushi ndivyo vitakavyokufa. Mikono na nyumba vitabaki hai. Alikaa juu ya tairi akitazama tukikata, na vipande vilivyobaki ndani vikapelekwa kwenye presi ya haidroliki. Alipolipa hakubishana tena.

Kurudisha nako kuna sheria zake. Bolti mpya si yoyote iliyotoshea tundu. Kichwani huwa na namba. Ya 8.8 na ya 10.9 zinafanana machoni, ila ya pili hustahimili nguvu kubwa zaidi kabla ya kuvutika au kukatika. Iliyokuja na 10.9 inarudishiwa 10.9, na duka likiwa na isiyo na alama, tunakwenda duka jingine. Shina la bolti nalipaka grisi ya shaba ili fundi atakayefuata asinilaani. Na sikazi mwisho gari likiwa juu ya jeki. Nalishusha likae kwa magurudumu yake kwanza, la sivyo raba itabanwa ikiwa imejipinda na kuchanika mapema.

Siku hizi mteja akiuliza bei ya kubadilisha bushi za gari kuukuu, nampa bei mbili: bolti ikitoka, na bolti ikigoma. Naziandika zote mbili kabla jeki haijaguswa, na chini ya ile ya pili naandika ni kipi nitakikata. Wapo wanaoona ni ujanja, wakaenda kwa jirani mwenye bei moja. Siwazuii. Ila bei moja kwa bolti iliyolala kwenye chumvi miaka yote hiyo ni ahadi asiyoimudu fundi yeyote.