TEMBEA MNAZI MMOJA NA KARIAKOO UONE

Watu wengi wa vijijini wamefika Dar es Salaam. Mmoja alimpeleka mgonjwa hospitali. Mwingine alikwenda kwenye arusi ya mtoto wa ndugu yake. Mwingine alifuatana na magunia yake ya mazao. Lakini wengi walirudi bila kuuona mji. Walimaliza shughuli, wakapanda basi, wakarudi nyumbani. Walipoulizwa habari za Dar es Salaam walijibu: "Watu ni wengi na magari ni mengi."

Ni kweli watu ni wengi. Katika sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Lakini mji huu una mambo mengi ya kufurahisha, na mengi ya kumfaa mkulima. Leo tutaeleza sehemu moja tu, Mnazi Mmoja na Kariakoo. Mtu mwenye afya anaweza kuizunguka kwa miguu kwa siku moja.

Mnazi Mmoja ni wapi?

Mnazi Mmoja ni viwanja vyenye miti na kivuli, katikati ya mji. Ziko sehemu nyingine zenye jina hilo, Unguja na Lindi. Hapa tunasema juu ya Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam.

Zamani serikali za kikoloni ziliugawa mji huu kwa rangi za watu. Wazungu walikaa karibu na bahari. Wahindi walikaa katikati, penye maduka. Waafrika walikaa Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na sehemu nyingine za mji.

Lakini uwanja uliowekwa ili kuwatenga watu ukageuka kuwa uwanja wa kuwakutanisha. Machi 1955 Julius Nyerere alikwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kueleza madai ya watu wa Tanganyika. Aliporudi alihutubia mkutano mkubwa hapa Mnazi Mmoja. Watu wengi walisikia hapo kwamba nchi yao inaweza kujitawala.

Leo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mwenge wenyewe uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro, nchi ilipopata uhuru Desemba 1961. Siku ya Idi, Waislamu wengi huswali katika viwanja hivi. Siku nyingine watu hupumzika chini ya miti. Nawe ukifika, kaa kwanza upumzike. Kunywa dafu, kisha anza matembezi.

Soma majina ya mitaa

Wewe unayesoma gazeti hili una faida kubwa mjini. Asiyejua kusoma huuliza njia kila hatua. Wewe soma vibao. Jina la mtaa litakuonyesha njia, na pia litakufundisha historia.

Upande mmoja wa Mnazi Mmoja ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya kuingia katika siasa alijulikana kwa kuimba katika ngoma za wanawake. Mwaka 1955 alikuwa kiongozi wa wanawake wa TANU. Alivitembelea vyama vya ngoma, akawaomba akina mama wachukue kadi. Wengi walikubali, na chama kikapata nguvu.

Upande wa Kariakoo upo Mtaa wa Lumumba. Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Aliuawa Januari 1961. Katika mtaa huu ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Siku hiyo ya saba ya mwezi wa saba ndiyo iliyoleta jina la Saba Saba.

Kisha fuata Mtaa wa Uhuru. Ukiingia ndani utaona vibao vingine: Mtaa wa Sukuma, Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Mafia, Mtaa wa Swahili. Ukiyasoma majina hayo utaona kwamba mji huu haukujengwa na watu wa kabila moja.

Jina la Kariakoo

Je, jina Kariakoo lilitoka wapi? Lilitoka katika vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hii. Mizigo ya vita ilibebwa na Waafrika kwa vichwa na mabega. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi wao Carrier Corps. Wapagazi hao walikuwa na kambi hapa. Watu walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi, ila kwa njaa, uchovu na magonjwa. Pengine babu wa babu yako alikuwa mmoja wao. Ukitaka kuona kumbukumbu yao, nenda Mtaa wa Samora, mwendo wa kama robo saa kutoka Mnazi Mmoja. Hapo ipo Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Ni askari Mwafrika mwenye bunduki. Sanamu hiyo ni kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo. Ina maandishi ya Kiswahili. Yasome mwenyewe.

Sokoni

Jengo kubwa la Soko la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Rais Nyerere alilifungua Desemba 1975. Paa lake ni la ajabu. Linafanana na miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, na lilichorwa hivyo ili likinge maji ya mvua. Chini ya ardhi ipo sakafu nyingine, ambayo watu huiita Shimoni.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza jengo hilo. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali. Baadaye serikali iliamua kulikarabati jengo hilo na kujenga jingine jipya pembeni yake.

Lakini Kariakoo si jengo moja. Mitaa yote ni soko. Katika Mtaa wa Uhuru utaona maduka ya khanga na vitenge vya kila rangi. Katika Mtaa wa Kongo wamachinga hupanga nguo na viatu, huku wakiita wateja kwa sauti za kuchekesha. Utakuta mbegu, majembe, redio, sufuria, dawa za mifugo, na vipuri vya baiskeli. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro huja kununua hapa.

Ukichoka, tafuta muuza kahawa. Agiza kahawa chungu na kashata. Kaa kwenye benchi usikilize mazungumzo. Hutakaa sana kabla ya kusikia habari za mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Nyumba za vilabu hivyo viwili haziko mbali. Simba iko Mtaa wa Msimbazi, na Yanga iko kwenye kona ya Mtaa wa Twiga na Mtaa wa Jangwani. Ndiyo maana wengine huitwa Wekundu wa Msimbazi, na wengine Watoto wa Jangwani. Ubishi wao ni burudani isiyo na kiingilio.

Lifuate gunia lako

Sasa tufike kwenye jambo linalomgusa mkulima. Nyanya, viazi, vitunguu na ndizi unazoziona mjini zimelimwa kijijini. Huenda zimetoka shambani kwako. Kijijini uliuza kwa gunia au kwa tenga. Mjini muuzaji anauza kwa kilo, au kwa mafungu madogo.

Chukua kalamu na daftari. Uliza bei ya kilo moja ya zao lako. Iandike. Waulize wauzaji watatu au wanne, maana bei hazilingani. Zidisha mara 100, upate bei ya gunia la kilo 100. Linganisha na bei uliyolipwa shambani.

Usikasirike upesi. Kati ya shamba na soko kuna nauli ya lori, ushuru, malipo ya wapakiaji, na mazao yanayooza njiani. Mchuuzi naye lazima apate riziki. Lakini ukijua hesabu yote, utaweza kusema na mnunuzi kwa haki. Asiyejua bei ya soko hupangiwa bei.

Jambo jingine ni lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi, mpaka likawekewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza ufungashaji huo. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo wakulima wengine bado wanaumizwa na lumbesa. Tufanye hesabu.

Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130. Mnunuzi amelilipa kama gunia la kilo 100. Kilo 30 zimekwenda bure. Ukiuza magunia 10 ya namna hiyo, umetoa kilo 300 bure. Hayo ni magunia 3. Ulilima, ulipalilia, ulivuna, lakini hukulipwa. Mjini kilo hizo 300 hazitolewi bure. Zinapimwa na kuuzwa, kilo moja baada ya nyingine.

Mwanakijiji akiliona jambo hili kwa macho yake, akirudi ataweza kuwaeleza wenzake. Wakulima wakikubaliana wote kuuza kwa mizani, mnunuzi hatapata wa kumrubuni.

Ukibaki na siku ya pili

Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho hayo ndiyo yanayohifadhi fuvu la kale lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Wataalamu wanasema umri wake ni zaidi ya miaka milioni moja na nusu.

Kisha nenda Feri asubuhi. Hapo wavuvi hushusha samaki na kuwauza kwa mnada. Karibu na hapo pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni. Kwa mtu aliyekulia bara, kuvuka bahari kwa pantoni ni furaha kubwa, na ni kwa muda mfupi. Kama umefika mwezi wa Julai, tembelea maonyesho ya biashara ya Saba Saba, Barabara ya Kilwa.

Namna ya kusafiri

Mabasi mengi ya mikoani hufika Kituo Kikuu cha Magufuli, Mbezi Luis. Kituo hicho kilizinduliwa mwaka 2021. Kutoka upande huo yapo mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Tafuta linalokwenda Gerezani. Hapo uko Kariakoo. Treni ya umeme nayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma.

Sikiliza mashauri haya:

1. Usiende bila kumwarifu mwenyeji wako. Andika namba yake ya simu kwenye karatasi. Simu yako inaweza kuzima au kupotea.

2. Usiweke fedha zote mahali pamoja. Weka nauli ya kurudi peke yake, na usiiguse.

3. Usimtajie mtu namba yako ya siri ya simu, hata akisema anakusaidia.

4. Usinunue simu kwa mtu anayekuita pembeni. Wengine wamelipa fedha, wakafungua boksi, wakakuta kipande cha sabuni. Nunua dukani, ujaribu kitu chako, udai risiti.

5. Bei ya kwanza si bei ya mwisho. Omba upunguziwe, kwa adabu na bila haraka.

6. Kabla ya kuvuka barabara tazama pande zote mbili. Jihadhari na pikipiki. Usikatize njia ya mwendokasi ovyo. Vuka kwenye alama.

7. Mkiwa wengi, chagueni mahali pa kukutana mkipoteana. Mnara wa Mwenge pale Mnazi Mmoja unafaa. Watu wengi wanaujua.

Watu wa Dar es Salaam wameuita mji wao Bongo, maana yake ni lazima kutumia akili. Jina hilo lisikutishe. Mkulima anayejua lini mvua itanyesha na mbegu ipi ifae udongo upi, akili anayo. Akijua kusoma na kuhesabu, amekamilisha.

Basi baada ya mavuno, weka akiba kidogo kwa safari. Mchukue mwenzako, au mtoto aliyemaliza shule. Mkanunue khanga ya mama, mkanywe kahawa, mkabishane juu ya Simba na Yanga. Na mrudi na daftari lenye bei za soko. Siku mnunuzi atakapofika kijijini na lori lake, lifungueni daftari hilo mbele yake, na mizani iwe karibu.