Saa kumi na moja ya mama

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Walakini wahenga hao hawakutuambia tufanyeje na mzazi anayenyamaza, si kwa kukosa la kuuliza, bali kwa kuwahurumia wanawe. Kisa ninachotaka kukusimulia, mpenzi msomaji, kilitokea nyumbani kwangu mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ambako nafanya kazi ya uuguzi. Chanzo chake kilikuwa kidude cha plastiki kilichobandikwa ukutani, kisichozidi kiganja cha mkono.

Kwanza nikueleze kidude chenyewe. Nyumba nyingi za huku hupashwa joto na boila, yaani mtambo wa gesi unaotia maji moto na kuyasukuma kwenye mabomba hadi katika rejeta za chuma zilizo katika kila chumba. Rejeta hizo ni mfano wa ile ya gari, ila ni kubwa na zimefungwa ukutani. Boila haiwaki kutwa kucha, kwani ni nani angeimudu bili? Huwashwa na kuzimwa na saa maalumu. Yetu ilikuwa ya sehemu mbili zisizounganishwa kwa waya. Moja ilikuwa sebuleni, ikitumia betri mbili ndogo, na nyingine jikoni kando ya boila. Ile ya sebuleni hupima joto la chumba na kuangalia wakati, kisha hutuma habari kwa mawimbi kama ya redio. Ile ya jikoni ikipokea habari hizo, boila huwaka.

Kwa maneno ni jambo rahisi. Kwa vidole lilikuwa balaa! Kila siku ya juma ilikuwa na vipindi sita, na kila kipindi kilitaka saa yake na kiwango chake cha joto. Sita mara saba ni 42. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha za jua, mwezi, mkono na chembe ya theluji, na kijitabu cha maelezo kilikuwa kimepotea kabla hatujainunua nyumba. Ukitaka kubadilisha saa, sharti ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja na kungoja namba zianze kumetameta. Ukikosea kidogo, unarudi mwanzo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumesalimu amri. Tulikijua kitufe kimoja tu, cha kuongeza joto, nacho nguvu yake iliishia pale kipindi kingine kinapoanza. Aliyekielewa kidude hicho alikuwa kifungua mimba wetu, kijana wa miaka kumi na miwili, na hata yeye alikuwa akikisia.

Mama yangu alitufikia mapema Januari 2023, akitokea Wundanyi, kule kwetu Taita. Baridi haikuwa ngeni kwake. Ukungu wa mwezi wa Julai milimani anaujua, na dawa yake anaijua: unaamka, unachochea moto mekoni, unaota. Lakini Leeds hakuna meko. Isitoshe, mwezi huo jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi jioni. Siku ya kwanza alisimama dirishani akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wanajuaje kwamba kumekucha?"

Mama huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, awe mzima au mgonjwa, akasali na kusoma Biblia yake kabla watu hawajaamka. Moto wetu ulikuwa umepangwa kuwaka saa kumi na mbili na nusu, wakati wa watoto kujitayarisha kwenda shule. Jioni moja, nikiwa kazini, alimwita mjukuu wake na kumwambia kwa utani wetu wa bibi na wajukuu, "Mume wangu, hebu nipangie hicho kidude kiwake saa kumi na moja." Kijana akapanda kitini, akabonyeza, akarudia, akafaulu. Mama akamshukuru.

Kesho yake hakukuwa na moto saa kumi na moja. Wala saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu alipoamka saa moja na kukuta nyumba ni barafu, alikilaani kidude kama ilivyokuwa ada yake, akabonyeza kile kitufe kimoja. Joto likaja, mambo yakaisha. Asubuhi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Tulikuwa tumezoea ukaidi wa mtambo huo kiasi kwamba hakuna aliyeshangaa.

Siku ya tisa nilikuwa na mapumziko ya zamu ya usiku. Mwili uliozoea kukesha haulali kirahisi, basi nikashuka jikoni saa kumi na moja na nusu kunywa maji. Nilimkuta mama ameketi gizani. Alikuwa amevaa koti lake la safari, leso mbili zimemzunguka kichwani na mabegani, na mikono yake ilikuwa imekumbatia kikombe cha maji ya moto. Nilipoishika, vidole vilikuwa baridi kama chuma. Nilikwenda sebuleni nikatazama kwenye kioo: digrii 13.

Moyo ulinipiga. Mimi ni muuguzi. Najua kwamba baridi hukaza mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na mama yangu anameza tembe za shinikizo la damu kila siku. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2018 kwamba wakati wa baridi nyumba isiwe chini ya digrii 18. Wagonjwa wa watu nawafunika blanketi usiku kucha, ilhali mzazi wangu anatetemeka jikoni kwangu!

"Mama, mbona hukusema?"

Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Niliwasikia wewe na mumeo mkizungumza habari ya bili. Nikadhani mmeuzima kusudi. Mgeni haongezi kuni katika moto wa mwenyewe."

Msomaji, maneno hayo yaliniuma. Ni kweli tulikuwa tumezozana. Mwaka uliotangulia bei ya gesi ilikuwa imepanda kupindukia baada ya Urusi kuivamia Ukraine, hata serikali ya Uingereza ikaingilia kati mwezi wa Oktoba ili nyumba yenye matumizi ya wastani ilipe takriban pauni 2,500 kwa mwaka, gesi pamoja na stima. Kumbe tulipokuwa tukizozana, chumba cha juu kulikuwa na masikio.

Kijana alipoamka nilimuuliza alichofanya. Alijibu bila wasiwasi: "Nyanya alisema kumi na moja. Niliweka kumi na moja." Nikatazama. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimepangwa namba 11. Kila siku, saa tano ya asubuhi, wakati mama yuko kanisani au amelala usingizi wa mchana, nyumba ilikuwa ikipata moto wa alfajiri!

Wala usidhani haya ni ya watoto wa ng'ambo pekee. Wangapi hapo Nairobi ukiwaambia wafike saa nne huja jioni? Mama hakumkemea. Alimketisha mezani akamwonyesha: kwetu tuko karibu na ikweta, jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Tunahesabu tangu jua, si tangu usiku wa manane. Kijana akauliza, "Na hapa Leeds, jua likichomoza saa mbili?" Mama akacheka hadi akashika mbavu.

Wiki hiyohiyo tukamwita fundi. Huku sheria hairuhusu mtu yeyote tu kugusa gesi ya boila; sharti awe ameandikishwa rasmi. Alizima stima, akang'oa vidude vyote viwili, akatoboa ukuta baina ya jikoni na sebule akapitisha waya. Badala yake alifunga saa ya duara isiyo na kioo wala picha, yenye vijino 96 ukingoni, kila kijino dakika 15. Unasukuma vijino vya wakati unaotaka moto, basi. Sebuleni akafunga kirungu cha kuzungusha chenye namba za joto.

Saa hiyo ina upungufu wake. Haijui Jumamosi wala Jumapili, na stima ikipotea nayo husimama. Lakini mtu akiitazama huona yote iliyopangiwa kufanya. Kijana alikata vikaratasi akabandika saa za Kiswahili kando ya zile namba. Na Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza walipozisogeza saa zao mbele, aliyeizungusha ile ya boila alikuwa mama mwenyewe.

Mama alirudi Wundanyi mwezi wa Aprili. Vikaratasi vingali pale. Nami nimejifunza mawili. La kwanza, ukinunua chombo cha nyumbani, usiulize kinaweza mambo mangapi. Uliza kama mkubwa na mdogo wa nyumba yako wataweza kukitumia. La pili ni zito zaidi. Mzazi akikutembelea, usingoje aseme anahisi baridi. Amka siku moja saa kumi na moja, ushuke, umshike mikono.