Motokari Ikitetemeka, Tuulize Kwanza



Juma hili tunaandika juu ya motokari. Wengine watasema hiyo ni habari ya wanaume wa garaji. Lakini motokari ikinunuliwa kwa pesa ya wamama, ugonjwa wake ni habari ya wamama. Kikundi chetu kina motokari moja ndogo ya mwaka 1996, iliyotoka Japani na usukani upande wa kuume, kama nyingi za hapa Lubumbashi. Mchana inaleta mboga na mihogo kutoka mashamba ya barabara ya Kipushi mpaka soko la Kenya. Usiku, mama akishikwa na uchungu, ndiyo inayompeleka maternite.

Mwezi wa nane ilianza kuugua. Ikisimama huku injini inawaka, ile hali mafundi wanayoiita ralanti, ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, na mara nyingine ikazimika yenyewe. Barabarani ilikwenda, lakini kwenye mpando, ikiwa na mzigo, ilikosa nguvu. Tena ilianza kunywa esansi kuliko zamani. Safari ya kwenda na kurudi Kipushi, tuliyozoea kuifanya kwa lita 5, sasa iliomba lita 7.

Fundi wa kwanza aliisikiliza muda mfupi, akasema pompi ya esansi imekwisha na enjekteri zote nne zibadilishwe. Bei: dola 280. Katika sanduku la likelemba tulikuwa na dola 310, na pesa hiyo ilikuwa na kazi yake tayari: minervali ya watoto wa sekondari, shule zikifunguliwa mwezi wa tisa. Kumpa fundi dola 280 ni kuwaambia watoto wangoje.

Kulikuwa na jambo lingine, zito kuliko pesa. Maneno yalianza kutembea kwamba esansi inayopotea haipotei, inauzwa. Kijana anayetuendeshea ni mtoto wa mjane, na kazi hii ndiyo inayolisha wadogo zake. Mtu akiitwa mwizi katika kartiye, jina hilo halitoki kwa sabuni. Katika mkutano tukakubaliana mambo mawili: hakuna pesa itakayotoka, na hakuna mtu atakayehukumiwa, kabla motokari haijapimwa.

Sisi tunaofundisha tulijifunza katika ISP kwamba mtoto akishindwa imla, haifai kusema upesi ni mjinga. Labda hasikii vizuri. Labda haoni ubao. Labda hakula. Labda kweli hajui herufi. Kila sababu ina jaribio lake, na jaribio moja linafanywa kwa wakati mmoja. Injini nayo ni hivyo. Inahitaji vitu vitatu: hewa, esansi na moto wa buji, kila kimoja kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Kimoja kikikosa kipimo, injini inatetemeka, na mtetemo peke yake hausemi ni kipi.

Basi tulimtafuta mzee mmoja fundi, tukapatana naye neno wazi: tutamlipa dola 15 kwa kazi ya kupima, hata kama hatabadilisha kitu. Wawili wetu tulikaa naye asubuhi nzima na daftari. Aliuliza kwanza. Inatetemeka ikiwa baridi au ikiwa moto? Ilianza siku gani? Esansi ilinunuliwa wapi? Kijana wetu alijibu yote: inatetemeka wakati wote, ilianza polepole, na siku ambazo stasiyo zilikauka alinunua kwa makadafi, wale wanaouza kwa bidoni kando ya barabara.

Jaribio la kwanza lilikuwa la enjekteri. Injini ikiwaka, mzee alichomoa waya ya enjekteri moja, akasikiliza, akairudisha, akaenda kwenye ya pili, mpaka ya nne. Akatueleza: ukichomoa waya na injini ikashuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na injini isibadilike, umempata mgonjwa. Kwetu ilishuka mara zote nne kwa kiasi kilekile. Hakukuwa na enjekteri iliyokufa.

Kisha akazima, injini ikapoa, akatoa buji. Buji ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia au kijivu kwenye ncha yake. Ikiwa nyeupe sana, mara nyingi esansi ni kidogo au moto umezidi. Zetu zote nne zilikuwa nyeusi, na masizi makavu kama chini ya sufuria. Maana yake esansi ilikuwa nyingi kuliko hewa. Hapo sisi walimu tulielewa mbele hajasema. Watoto wanne wakikosea hesabu moja kwa namna moja, usiwachape watoto. Nenda ukatazame ubao. Kosa lilikuwa mahali pamoja panapozihusu silinda zote.

Mzee akaanza kufuata mipira ya hewa kwa vidole, mmoja mmoja. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini mpaka kwenye kifaa kidogo kinachopima namna injini inavyovuta hewa. Kifaa hicho ndicho kinachoiambia kompyuta ya motokari itoe esansi kiasi gani. Mpira ule ulikuwa umepasuka mwishoni, kwa joto na kwa uzee. Hewa ya nje ikaingia, kifaa kikapima vibaya, kompyuta ikaamini injini imebeba mzigo mkubwa wakati imesimama tu, ikamwaga esansi. Kipande cha mpira mpya kilitugharimu dola 1. Kilipofungwa, na buji mpya zikawekwa, injini ikatulia.

Sasa ule mpando. Ugonjwa mmoja ukipona, haifai kusema wa pili umepona nao. Mzee alifunga kipimo cha presha kwenye njia ya esansi. Katika ralanti kilionyesha bari 2,3, na kwa motokari nyingi za namna hii inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Alipokanyaga sana, sindano ikashuka. Pompi yenyewe ingeweza kuwa imechoka, lakini mbele ya pompi kuna filtri, na filtri ni rahisi. Alipoitoa, upande wa kuingilia ulitoka maji machafu na vumbi jeusi. Filtri mpya ikafungwa, akapima tena, na safari hii sindano haikushuka. Pompi ile ambayo tuliambiwa imekufa inafanya kazi mpaka leo.

Machafu yale yalitoka wapi? Tulichukua esansi kidogo ya chini ya tangi, tukaiweka katika chupa nyeupe ya kioo, nje ya nyumba, mbali na babula la makala, bila sigara na bila simu. Tuliiacha saa moja. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yanakwenda chini. Tukaona mstari wazi, esansi juu, maji chini. Tangi likamwagwa na kusafishwa.

Hesabu tuliyoandika ni hii: kazi ya fundi dola 15, mpira dola 1, buji nne dola 10, filtri dola 8. Jumla dola 34. Minervali ililipwa kwa tarehe yake. Na safari ya Kipushi ikarudi kwenye lita 5. Hizo lita 2 zilizokuwa zikipotea hazikuuzwa na mtu, zilikuwa zikichomwa bure na injini na kutoka nyuma kwa moshi mweusi. Jambo hilo lilisemwa mbele ya wanachama wote, kijana akiwa amekaa pale, na mama yake pia. Tuliona lisemwe kwa sauti, kwa maana shutuma ilitembea kwa kunong'ona.

Tangu siku ile tuna daftari ndani ya motokari. Kila esansi ikinunuliwa, tunaandika tarehe, mahali, lita na kilometa. Daftari hilo linalinda pesa yetu, na linamlinda dereva pia. Kama stasiyo zimekauka na tumelazimika kununua kwa bidoni, tunaweka kidogo katika chupa ya kioo kwanza, tunatazama.

Kwa vikundi vingine vyenye motokari ya zamani, au mashine ya kusaga, au jenereta ya esansi, tunashauri maswali matatu mbele ya kulipa. Fundi, umejuaje kwamba ni kitu hiki? Kuna jaribio gani la kuhakikisha? Kuna kitu cha bei ndogo kinachoweza kuleta dalili hizihizi? Fundi mwema hachukizwi na maswali hayo. Na kitu cha zamani kikitolewa, ombeni mkione kwa macho.

Neno la mwisho ni kwa nyumba zetu, kwa sababu tuliona bidoni na chupa nyingi katika kazi hii. Tusiweke esansi katika chupa za maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ikitokea amekunywa, tusimtapishe, kwa maana akitapika esansi inaweza kuingia kwenye mapafu. Tumpeleke hospitali upesi. Na tusiwaache vijana wetu kuvuta esansi kwa mdomo na mpira, hatari ni ileile.

Mwenye kutaka kuona namna daftari letu lilivyopangwa, aje kwenye mkutano wa juma. Ni mistari minne tu kwa kila ukurasa, na hata mama ambaye hakumaliza masomo anaijaza vizuri.